Mgomba wa Philbert

Asubuhi baada ya misa, Theodosia alifika kwenye mahame yake, akakung'uta umande kwenye kanga, akaukuta mgomba wa Philbert unakohoa.

Chini yake alizika kondo la mwanawe, kama walivyofanya mama zake. Operesheni Vijiji ilipowahamishia barabarani, nyumba zikapangwa mstari, mgomba ulibaki. Tangu Philbert aende vitani ulisema kwa sauti yake. Wazee wakipita uliwaamkia shikamoo, nao wakaitika marahaba, wakaenda zao shambani.

Siku hiyo ulisema wamevuka mto, viatu vimelowa. Theodosia akalishika shina kwa mikono miwili. Nyuma yake katapila iliyoletwa kusawazisha uwanja wa kiwanda cha kukoboa kahawa ilikuwa inapanda mlima.

Alikwisha kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Xavery, kuuombea mgomba. Xavery alimsikiliza vizuri, akamkaribisha hata uji.

"Mama Philbert, hata wa mwanangu Novatus unasema, tena unatukana. Tukiiacha yote, mashine tuibebe mgongoni?"

Dereva wa katapila, Shibuda, Msukuma wa Biharamulo, alisimama hatua chache kutoka pale.

"Mama," mgomba uliuliza, "ni nani huyo anakuja?"

Theodosia alisogeza mdomo kwenye shina. "Lala chini, mwanangu. Usiinue kichwa."

Shibuda alivua kofia, akangoja mama amalize Salamu Maria. Kisha Xavery akapunga mkono kule chini: dizeli inaungua bure. Shibuda akavaa kofia, akaingiza gia.

Vita vilipokwisha Philbert alirudi mzima, mikono yote, miguu yote. Aliinama kumwamkia mama yake, kinywa kikafunguka, pasitoke neno. Padre alimpaka mafuta. Hospitalini walimmulika kooni, wakasema halina kasoro. Kiwanda kikampa kazi ya kubeba magunia. Kubeba hakuhitaji maneno.

Theodosia naye aliajiriwa kuchambua kahawa, akakaa na wenzake kwenye sakafu ya saruji. Kila mmoja alijua amekaa juu ya mtoto wa nani. Mashine ilipopumzishwa, walisikia.

"Mama, humu giza. Tunatoka lini?"

Philbert alisimama mlangoni na gunia lake, akasikiliza kama wengine. Theodosia alimtazama mnyapara kwanza, ndipo akainamia saruji.

"Ngoja kengele," alinong'ona, akavuta rundo jingine la kahawa.