Taa Chini ya Tepu

Mume wangu aliendesha lori la saruji miaka thelathini na moja bila kugonga hata kuku, na mtu wa namna hiyo humfundishi gari. Ndiye aliyenifundisha mimi. Somo la kwanza kwenye kigari chetu hiki, ambacho kimezeeka kuliko mtoto wetu wa mwisho, halikuwa klachi wala gia. Lilikuwa ni taa zipi za dashibodi niziamini na zipi nizipuuze.

"Hii ya injini ni mbea tu," aliniambia. "Inawaka tangu tulinunue. Hii ya mfuko wa hewa, sensa yake ilishakufa. Hii nyekundu yenye alama ya mshangao ni ya hendibreki, swichi yake imelegea, ukipita kwenye shimo inajiwakia. Achana nayo. Za kuogopa ni ya oili na ya joto. Basi, twende."

Ile ya injini aliibandika tepu nyeusi ya mafundi umeme, isimsumbue macho. Ya mfuko wa hewa nayo akaibandika. Mimi sikuona ajabu. Nyumbani kwetu mambo mengi tuliyamaliza hivyo hivyo, likikukera unalifunika, maisha yanaendelea.

Miezi saba iliyopita kiharusi kilimwangusha bafuni. Upande wa kulia wote ukalala, mkono na mguu, na maneno yakamtoka. Lilibaki moja tu, na wala sikutanii: "baadaye." Mwanamume aliyenijibu hivyo miaka yote ya ndoa, bomba linavuja, baadaye, twende kwa mama yangu, baadaye, Mungu kamnyang'anya maneno yote kamwachia lile lile. Akitaka maji anasema baadaye. Akitaka kujisaidia anasema baadaye, na hapo ukichelewa umekwisha.

Tangu hapo nimechoka. Sitafuti neno zuri zaidi, nimechoka. Nashona mapazia, na chumbani kwangu yamelundikana majora ya watu yanayongoja pindo, kwa sababu asubuhi namwogesha, mchana namgeuza, jioni namlisha, na kila Jumanne na Alhamisi nampakia garini kumpeleka mazoezi ya kuongea. Kumpakia tu ni kazi ya watu wawili. Unamkalisha kwanza makalio, unaingiza mguu mzima, kisha unaubeba ule uliolala, halafu unahakikisha hajakalia mkanda. Mara mbili nimesikia kiuno changu kikilia. Watoto wanapiga simu, wananiambia pole mama, wanakata.

Alhamisi ninayoisimulia ilikuwa siku ya tathmini. Binti wa mazoezi alikuwa amenieleza mapema. Angeniuliza swali moja kubwa: je, nyumbani mzee anaelewa anachoambiwa? Nikisema anaelewa, wanaendelea naye mara mbili kwa wiki, huenda hata mwaka mzima. Nikisema haelewi, wanasimamisha, nafasi anapewa mgonjwa mwingine. Wao wanamwona nusu saa tu, na pale mbele za watu anajikunja kama mtoto mgeni shuleni, hivyo neno langu ndilo lingekata shauri.

Nami nilikuwa nimeshaamua. Jumatatu nilimweleza mdogo wangu kwenye simu, huku nakunja pazia la watu.

"Nitawaambia haelewi," nilisema. "Wasimamishe. Apumzike, na mimi nipumzike."

"Dada, na yeye si yupo hapo?" mdogo wangu akauliza. "Nasikia redio yake."

"Yupo, lakini hayupo," nikamjibu. "Ni kama kuongea mbele ya kabati."

Jioni ile hakula. Nilisema moyoni, labda tumbo.

Sasa kuhusu ile taa nyekundu. Wiki tatu kabla ya tathmini ilianza kuwaka kwenye kona, ikizima tukinyooka. Baadaye ikawa inawaka na kwenye mteremko. Mimi nilishapewa somo langu: swichi imelegea, achana nayo. Lakini mzee hakuachana nayo. Kila ikiwaka, mkono wake wa kushoto, ndio uliobaki mzima, unavuka kifua na kuinyooshea kidole. "Baadaye. Baadaye. Baadaye!" Mpaka tufike.

"Nimeiona!" namwambia. "Wewe mwenyewe si ulisema niipuuze? Hata ukiwa bubu unaniendeshea gari!"

Nina gubu, najua. Lakini mjue na nyie jinsi ilivyo kuendesha barabara imejaa, mgongo unawaka moto, na kidole cha mtu kinapita puani pako kila kona. Jumanne ya wiki ile nilisimama pembeni, nikachukua tepu yake mwenyewe kwenye kijisanduku cha dashibodi, nikakata kipande kwa meno na kuifunika ile nyekundu. Nikamwangalia. "Haya, imekwisha." Akageukia dirishani.

Basi Alhamisi tukatoka. Tulikuwa tumechelewa kwa sababu ya soksi, usiniulize. Tangu getini niliona pedali ya breki iko laini, inashuka chini kidogo kuliko kawaida, lakini kichwani nilikuwa napanga maneno ya kumwambia yule binti. Haelewi, mwanangu. Tumejaribu. Nilitaka yatoke kwa huzuni ya kiasi, wasione kwamba nimefurahi.

Kabla ya kliniki kuna mteremko mrefu unaoishia kwenye makutano, na asubuhi pale magari hupanga foleni. Tulipofika kileleni mzee akainama kuelekea kwangu. Nilidhani anaanguka. Kumbe analenga dashibodi. Kucha zake zikaanza kuparura ile tepu, hazishiki, anarudia tena, bega lake limenibana mkono wa usukani.

"Utatuua!" nikapiga kelele. Nikampiga mkono. Si kumsukuma, nilimpiga hasa, kofi la mama kwa mtoto aliyegusa jiko. Lilisikika.

Akarudi kitini. Nikakanyaga breki nipunguze mwendo, na pedali ikazama mpaka chini kwenye zulia bila kushika kitu.

Nikainua mguu, nikakanyaga tena. Hakuna. Mara ya tatu, hakuna. Mbele yetu pikapu iliyobeba matanki ya maji ilikuwa imesimama mkiani mwa foleni, na sisi tulikuwa tunaiendea. Nilisahau gia, nilisahau honi. Kitu pekee nilichokumbuka ni kuita mama yangu, ambaye amefariki.

Nikasikia krrr. Ule mkono niliotoka kuupiga ulikuwa umevuka kifua na kushika hendibreki. Hakuivuta kwa nguvu yote, ningekuwa mimi ningeivuta na tungezunguka kama pia. Alibonyeza kile kitufe kwa kidole gumba, akavuta, akalegeza, akavuta zaidi, akalegeza, huku macho yake yako barabarani, na shingo imekakamaa. Kisha kwa kiwiko cha mkono ule ule akagonga rungu la gia, mara mbili, na mimi ndipo nikazinduka. Nikakanyaga klachi, nikaingiza ya tatu. Injini ikanguruma. Ya pili. Ikalia kama inachinjwa. Akavuta tena, nami nikageuza usukani kushoto mpaka matairi yakasaga ukingo wa barabara, na tukasimama. Kati yetu na pikapu palikuwa na hatua nne. Nilizihesabu baadaye kwa miguu yangu.

Hatukutazamana. Mkono wake ulikuwa bado umeshika ile hendibreki, na nyuma ya kiganja palikuwa pekundu.

Nilimpigia simu Spana, fundi wetu wa siku zote, mtu mzima mwenye kitambi na gereji mtaa wa pili. Alikuja kwa pikipiki. Akafungua boneti, akakitazama kikopo cha mafuta ya breki, akakitikisa. Kilikuwa kikavu. Akalala chini, akapapasa tairi la nyuma na kunionyesha kidole kinachong'aa.

"Yamevujia huku kidogo kidogo," alisema. "Wiki mbili, tatu hivi. Shemeji, taa haikuwaka?"

"Taa gani?"

"Nyekundu. Yenye alama ya mshangao. Mafuta yakianza kupungua inawaka kwenye kona na mteremko kwanza, kwa sababu yanaegemea upande mmoja."

"Ile si ya hendibreki?"

"Ni ya vyote viwili, hendibreki na mafuta."

"Mzee alisema swichi yake imelegea. Alisema niipuuze."

"Ilikuwa imelegea, kweli. Lakini tuliibadilisha. Alikuja nayo mwenyewe, mpya, wiki ile ile kabla hajaugua, nikamfungia. Nikamwambia, sasa hii taa ikiwaka si mchezo, kamwambie shemeji. Akasema atakwambia baadaye."

Spana aliingiza kichwa garini na kuiona tepu. Akaibandua. Chini yake taa ilikuwa imewaka, nyekundu, imetulia kabisa.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema, si kwa ubaya. Halafu akamwangalia mzee na kushusha sauti kama watu wanavyofanya mbele ya wagonjwa. "Na yeye, masikini, hakuweza kukuonyesha?"

Nilisema hapana. Uongo ulitoka haraka hivyo. Mume wangu alikuwa amekaa pale, mlango wazi, anausikia.

Spana alilichukua gari, sisi tukapanda teksi. Nyuma ya teksi nilikuwa na dakika kumi za kukaa bila kushika usukani, na hapo ndipo mambo yaliponijia, sikuyaita. Kama alielewa taa, basi alielewa. Mtu hawezi kujua kutofautisha taa ya kweli na ya uongo, halafu asijue mkewe anasema nini. Alielewa kabati. Alielewa simu yote ya Jumatatu. Alielewa ile siku nilipomwambia jirani mlangoni kwamba afadhali Mungu angemchukua mara moja kuliko kunigawia nusu. Miezi saba nimekuwa nikifua, nikipika na kumsema, na yeye yuko mita mbili, hawezi hata kuondoka chumbani. Niliona aibu mpaka nikafungua dirisha la watu.

Kliniki tulifika tumechelewa nusu saa nzima. Binti wa mazoezi hakukasirika, hajawahi kukasirika, na siku nyingine hilo hunikera. Alimkalisha mzee karibu na meza, akatoa karatasi.

"Mama, hili swali tulishazungumza," akasema. "Nyumbani, anaelewa anachoambiwa? Kuna haelewi, anaelewa kidogo, na anaelewa."

Kiuno kilikuwa kinaniuma. Niliyafikiria mapazia. Nilifikiria Jumanne na Alhamisi, na Jumanne na Alhamisi nyingine, mguu ule uliolala kuubeba, mwaka mzima. Yale maneno niliyoyapanga yalikuwa bado yako tayari mdomoni, na sitawadanganya, bado yalikuwa matamu.

"Anaelewa," nikasema.

"Kidogo?"

"Vyote."

Akaandika. "Unaweza kunipa mfano? Wananiuliza mfano."

Nikampa. Nilimweleza taa, wiki tatu za kidole, tepu, mteremko. Nilipofika kwenye kofi nilitaka kulipita, lakini mzee alikuwa ananitazama, na sikutaka kudanganya mara ya pili asubuhi moja mbele yake. Nikasema nilimpiga. Nikasema mkono nilioupiga ndio uliotusimamisha. Mume wangu aliinamisha uso, machozi yakamtoka, na kwa kuwa upande mmoja wa uso wake umelala, yalishuka upande mmoja tu bila yeye kuyafuta. Nilitoa kitambaa nikamfuta mimi.

"Kwa hiyo leo ndiyo umegundua kwamba anaelewa," alisema yule binti taratibu, akiwa amenipa mlango mzuri wa kutokea.

Ningeweza kupita. Ulikuwa wazi kabisa.

"Hapana," nikasema. "Redioni wakitania anacheka kabla yangu. Nikimwekea shati lisilo lake analikataa. Jumatatu alinisikia nikisema jambo, akakataa chakula, na nilijua kwa nini. Andika anaelewa. Halafu andika na mimi nilikuwa najua."

Kalamu yake ilisimama. Aliitazama karatasi yake juu mpaka chini.

"Hilo halina mahali pake humu, mama," akasema, na akaandika tarehe ya mazoezi yanayofuata. Jumanne, saa tatu asubuhi.