Maliza Kifungu

Kambini walimwita Bwana Stoo, na alilipenda jina hilo kuliko cheo chake cha usajenti. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna kiatu, blanketi wala kipande cha sabuni kilichotoka katika ghala la kikosi bila saini yake. Kila mwaka wa fedha ulipokaribia kwisha, mkuu wa kikosi alisimama mlangoni pa stoo na kusema maneno yale yale: "Sajenti, maliza kifungu."

Kila askari wa stoo alijua maana yake. Fedha za kikosi zilikuja kwa vifungu: kifungu cha usafi, cha matengenezo, cha dharura. Kifungu kikibakiwa na kitu, salio lilirudi makao makuu, na mwaka uliofuata kilipunguzwa, kwa hoja kwamba wenyewe hawakuwa na haja nacho. Basi Bwana Stoo alimaliza. Mwaka mmoja alinunua mafagio ya kutosha majeshi mawili. Hakuwahi kurudisha hata sarafu, na siku ya kuagwa kwake mkuu wa kikosi alilitaja hilo mbele ya watu wote, wakapiga makofi.

Alitoka jeshini na kiinua mgongo, sanduku la bati, na mke aliyekuwa ameendesha nyumba miaka yote hiyo kwa masalio ya mshahara. Kambini gharama za nyumba, maji na umeme zilikatwa kwenye mshahara kabla haujafika. Kilichobaki alikitia mkononi mwa mkewe, akaenda zake. Bei ya chumvi hakuijua.

Jioni ya kwanza katika nyumba ya kupanga alimketisha mkewe na binti yao wa mwisho mezani.

"Mama," akasema, "umefanya kazi nzuri. Sasa nimerudi. Fedha nitazishika mimi."

"Umerudi kutoka wapi? Si tulikuwa wote?"

"Nimerudi uraiani."

"Haya, baba."

"Mama kashushwa cheo," binti akasema, na baba yake akamkata jicho.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Kiinua mgongo kiligawanywa kwa vifungu, kama kazini. Jumamosi asubuhi mama alileta maombi ya wiki. Jumatano moja walipata wageni, chumvi ikaisha. Mkewe akaja mlangoni mwa sebule, bega limeegemea fremu.

"Chumvi imekwisha, baba."

"Uliiomba Jumamosi?"

"Ningejuaje kama wageni watakuja?"

"Basi haimo katika mpango. Na ombi halisemwi mtu akiwa ameegemea mlango."

Mkewe alisimama wima. Akamtazama kidogo, kisha akarudi jikoni. Siku tatu walikula chakula kisicho na chumvi, na Bwana Stoo alikitafuna bila kukunja uso, akiamini anawafundisha nidhamu.

Na kila mwezi ulipokwisha, mkono wake ulimwasha. Kifungu cha usafi kimebakiwa na kitu: akanunua sabuni kwa katoni. Matengenezo: rangi, misumari, kamba. Sabuni haiozi, alijiambia, na bei zinapanda. Kifungu cha dharura kilimsumbua zaidi, kwa sababu dharura haikutokea. Mwezi wa nne akakimaliza kwa blanketi, taa za mafuta, na hema kubwa la turubai lililoletwa kwa mkokoteni na kushushwa na watu watatu. Chumba cha nyuma kikajaa hadi dirishani. Jioni alisimama mlangoni pake akanusa ile harufu ya stoo, naye akalala usingizi mzuri.

Hakuwa mjinga wa hesabu. Angeulizwa, angekueleza vizuri kwamba hakuna makao makuu yanayokuja kuchukua pesa za nyumba yake. Lakini hakuna aliyemwuliza, maana alikuwa amekataza maswali.

Swali lilimkuta kazini. Alikuwa amepata kazi ya kutunza stoo katika ghala la rangi, kwa mshahara ambao ulionekana mnono kwenye karatasi mpaka alipoona bili ya maji. Mwisho wa mwezi wake wa tano aliingia kwa mhasibu, msichana mwenye umri wa binti yake mkubwa, akiwa na kisanduku cha fedha za matumizi madogo.

"Tumebakiwa," akasema. "Nikanunue brashi kabla hatujafunga mwezi?"

"Brashi za nini? Si zimejaa ghalani?"

"Ili fedha isirudi."

"Irudi wapi?"

Bwana Stoo akakitazama kisanduku. Wapakiaji wawili waliokuwa mlangoni wakiteta wakanyamaza kusikiliza.

"Mzee wangu," mhasibu akasema kwa upole, "hapa pesa ikibaki haiendi popote. Inabaki. Ndiyo tunaiita faida."

"Mzee anaogopa pesa itatoroka!" mpakiaji mmoja akasema. "Tumfungie geti!"

Walicheka, naye akacheka pamoja nao, masikio yakimwaka moto. Mchana ule hakula. Aliketi juu ya pipa la rangi, akakiona chumba chake cha nyuma kama mtu mwingine angekiona. Kodi ya nyumba ilikuwa imelipwa miezi sita kwa mkupuo, na miezi sita hiyo ilikuwa inaisha. Benki hakukuwa na kodi ya hata mwezi mmoja.

Alhamisi mama mwenye nyumba akapiga hodi, mwanamke mnene mcheshi aliyekagua kuta huku akisalimia. Alipofika nyuma akaukuta mlango wazi.

"Afande! Mnafungua duka?"

"Akiba tu, mama."

"Na hili furushi?"

"Hema. La dharura."

"Hema!" Akapiga mapaja. "Basi nikiwatoa mna pa kwenda!" Alicheka mpaka akashika ukuta, na mke wa Bwana Stoo akacheka naye kwa adabu. Kisha mgeni akafuta macho. "Jumamosi, afande. Miezi sita, kama tulivyoandikiana. Kuna mtu anaitaka nyumba hii na pesa anazo mkononi. Sipendi kusumbua watu wazima."

Alipoondoka, mkewe akageuka. "Pesa zipo benki, baba?"

"Zipo kwenye vifaa."

"Nimeuliza pesa."

Akainua mkono kuonyesha katoni, blanketi, taa, hema. Mkono ukabaki hewani, akaona haya kuushusha. Mkewe alifungua katoni ya juu, akatoa mche wa sabuni, akaunusa, akaurudisha mahali pake.

"Jamani," akasema. Neno hilo lilimchoma kuliko matusi.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, wakakodi mkokoteni. "Afande, mnahama?" majirani wakauliza, naye akajibu "Tunapunguza mizigo," mpaka alipochoka kujibu. Wenye maduka walichukua sabuni kwa bei ya kutupa. Blanketi na taa zikaenda sokoni. Likabaki hema, nao wakaelekezwa kwa mtu anayekodisha mahema na viti vya sherehe, ng'ambo ya reli.

Mtu huyo aliruka kutoka kitini, akabana visigino, akapiga saluti.

"Afande! Bwana Stoo mwenyewe!"

Alikuwa Koplo, askari wa kikosi chake cha zamani. Bwana Stoo alimkumbuka vizuri: aliwahi kumrudisha mara tatu na viatu vilivyotoboka, kwa kuwa tundu halijafikia kipimo cha kupewa vipya. Koplo alikuwa amenenepa. Alipangusa viti viwili, akaagiza soda, akautazama mkokoteni.

"Kumbe afande umeingia biashara! Ndiyo maana. Nikasema mtu kama huyu hawezi kukaa bure."

Ilikuwa nafasi ya kusema ukweli. Bwana Stoo akaiona ikija, akaiona ikipita.

"Ndogo ndogo," akasema.

Koplo akamgeukia mkewe. Mkewe alikuwa anatazama gurudumu la mkokoteni. "Tunaanza anza, baba," akasema.

"Safi sana! Basi tuongee kibiashara. Ungekuja una shida, afande, haki ya Mungu nisingekukandamiza, ningekupa bei yake yote. Lakini mfanyabiashara kwa mfanyabiashara? Nusu. Usinikunjie uso, na wewe huko ulikonunua uliwabana!"

Bwana Stoo akachukua nusu, akasema asante.

Walirudi hadi kwenye reli. Hapo mkewe akasimama.

"Haitoshi."

"Najua."

"Unarudi wewe au narudi mimi?"

"Kufanya nini?"

"Kusema sisi si wafanyabiashara." Sauti yake haikupanda. "Nimekusaidia kudanganya, baba, maana mtu hamwachi mumewe uchi mbele za watu. Lakini mama mwenye nyumba siwezi kumlipa uongo."

Akarudi peke yake. Alifunga kifungo cha shingoni, kisha akaona upuuzi wake, akakifungua. Koplo alikuwa anahesabu viti pamoja na wateja wawili, naye akasubiri kando mpaka walipoondoka.

"Umesahau kitu, afande?"

"Koplo, sina biashara. Lile hema nililinunua kwa kiinua mgongo. Na sabuni, na blanketi. Kila mwezi nilikuwa namaliza kifungu. Kesho natakiwa kodi. Sina."

Alitegemea kicheko, na angekishukuru. Koplo hakucheka. Alitazama chini, kwenye viatu vya Bwana Stoo, kisha akafungua droo, akatoa ile nusu nyingine, akasita, akaongeza noti juu yake. Akazitia mkononi mwa Bwana Stoo kwa mikono yake miwili, kama mtu anavyompa pole mfiwa.

"Chukua, mzee. Pole sana, mzee."

Wapakiaji walimwita mzee kila siku, na halikuwa neno baya. Lakini kutoka katika kinywa kile lilifumua kitu, kama mtu anayekata uzi wa tepe za cheo begani kwa ncha ya wembe, bila haraka, asije akachana shati. Koplo alimsindikiza hadi barabarani. Saluti hakupiga.

Jumamosi mama mwenye nyumba alichukua kodi ya miezi minne badala ya sita. Haikuwa huruma: yule mwenye pesa mkononi hakuwa nazo mkononi. Alipotoka, Bwana Stoo aliweka mezani kadi ya benki na vilivyobaki.

"Shika," akamwambia mkewe.

Mkewe akavikusanya, akatia kila kitu katika kopo la majani ya chai lililokuwa juu ya rafu ya jikoni. Lilikuwa kopo lile lile la kambini. Hakuwa amelitupa.

Jumatatu asubuhi Bwana Stoo alivaa, akapapasa mifuko, akakuta mitupu. Akaenda jikoni. Mkewe alikuwa anaosha vyombo, na binti anakausha. Alisimama kizingitini, akakohoa.

"Mama. Naomba nauli."

Walipogeuka wote wawili ndipo alipojitambua: visigino vimegusana, vidole vimenyooka kwenye mshono wa suruali, kidevu juu. Binti akafungua mdomo. Mama yake akamtazama, mdomo ukafungwa.

"Mguu pande, baba," mkewe akasema. "Hapa ni jikoni."

Akafuta mikono, akateremsha kopo, akampa noti. Aliitazama.

"Hii imezidi nauli."

"Ikibaki, irudishe."

Siku nzima ghalani alikuwa akiigusa mfukoni ile chenji. Njiani alipita kwa muuza wembe, kwa muuza betri, kwa mwanamke mwenye vitambaa vizuri vya kufutia vyombo, akahisi mkono unamwasha. Alitembea mkono ukiwa mfukoni, ngumi imefungwa.

Jioni aliziweka sarafu tatu mezani, moja moja. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kurudisha salio. Mkewe alizikusanya bila kuacha alichokuwa anamsimulia binti, akazidondosha koponi. Zikalia kidogo. Hakuna aliyepiga makofi.