Babu Apandishwa Cheo

Fundi kufuli hakuwa mwongo wa kazi. Alitia chumvi hapa na pale kama watu wote, lakini uongo mzima mzima hakuwahi kuujaribu mpaka Jumapili ile yeye na mkewe walipoalikwa na wazazi wa mchumba wa binti yao. Baba wa kijana alikuwa mwanasheria mstaafu, mtu wa kukohoa kwanza ndipo aseme. Ukutani mwa sebule yake alikuwa ametundika ukoo wake wote ndani ya fremu moja: majaji, madaktari, mkaguzi wa shule, kila mmoja na cheo chake chini ya jina. Wageni walikalishwa mkabala nayo, wasipate pengine pa kutazama.

"Na upande wenu, mkwe?" mwanasheria akauliza. "Babu yako alikuwa nani?"

Fundi alijua jambo moja tu kuhusu babu yake, kwamba alifanya kazi wakati daraja la mjini linajengwa. Marehemu baba yake hakuongeza neno, na picha hawakuwa nayo. Basi ulimi ukamponyoka.

"Babu? Ndiye mhandisi aliyelijenga lile daraja."

Mkewe alimfinya paja, lakini alichelewa. Mwanasheria alikuwa ameshafurahi, akasema atachapisha kijitabu cha harusi chenye historia ya koo zote mbili, na kwamba angeshukuru sana kupata maelezo zaidi ya huyo mhandisi. Asubuhi yake fundi alifunga kibanda, akaenda maktaba ya mtaa kumtafutia babu shahada.

Mkutubi, mama wa makamo asiye na haraka, alimuuliza anatafuta nini. "Ukweli," fundi akajibu, kwa kuwa hakupata neno jingine la haraka. Akaletewa magazeti ya zamani yaliyojalidiwa, mazito kama milango, akayafunua wiki nzima huku akipiga chafya. Yalijaa mambo ya watu wengine. Mwishowe mkutubi alimhurumia, akamkalisha mbele ya kompyuta na kumfungulia tovuti ambayo watu huweka habari za koo zao. Wakaandika jina la babu, na pale pale likatokea: *Mhandisi mkuu, daraja la mjini.*

Fundi alisoma mara mbili, akasimama. Kumbe alisema kweli! Kumbe ile haikuwa tamaa ya sifa, ilikuwa damu yenyewe iliyokuwa ikisema. Alitoka hadi barazani akampigia mkewe simu. "Mama watoto, ulinifinya bure!"

Aliporudi, mkutubi alikuwa amebonyeza mahali palipoandikwa *chanzo*. "Hebu soma hapa, baba," akasema polepole. Palikuwa na mstari mmoja: *Maelezo ya mjukuu wa marehemu, aliyoyatoa mwenyewe sebuleni kwangu.* Chini yake kulikuwa na jina la mwanasheria mstaafu.

Mkutubi hakucheka, na hilo ndilo lililomuumiza fundi zaidi. Alikwenda tu kuleta fungu la mwisho la magazeti, la mwaka daraja lilipofunguliwa. Humo, ukurasa wa ndani, kulikuwa na picha ya wafanyakazi wamejipanga, na majina yao chini. Mhandisi alikuwa mtu mwingine kabisa, mwenye kofia. Pembeni kabisa alisimama kijana mwembamba, masikio yamechomoza kama ya fundi mwenyewe, mkono umeshika ndoo. *Na mchota maji wa kambi,* gazeti lilisema, likataja jina la babu, *aliyekataa kupigwa picha bila ndoo yake.*

Fundi alimtazama mpaka machozi yakamlengalenga. Miaka yote hiyo hakuwa na babu, sasa anaye, na tena ni mbishi. Alimpenda papo hapo. Aliona aibu pia, kwa kuwa alikuwa amempora mzee wa watu ndoo yake na kumvika kofia ya mwenzake.

Alitoa nakala ya ukurasa ule akaenda nayo moja kwa moja kwa mwanasheria, akaungama kila kitu. Mwanasheria aliitazama picha, kisha akakohoa.

"Mkwe, kijitabu kimeshachapwa."

"Lakini si kweli."

"Nani aliyesema? Si wewe?" Akamrudishia karatasi kwa adabu. "Halafu nikuulize, mchota maji nitamweka wapi, katikati ya majaji?"

Harusi ilifana. Msema chochote alimtaja mhandisi mara nne, ukumbi ukapiga makofi, na bi harusi alimtazama baba yake kwa fahari ambayo hakuwahi kuiona machoni mwake. Fundi alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Alijisikia kama amemzika babu kwa mara ya pili, na safari hii katika kaburi la mtu mwingine.

Kesho yake alikuwa wa kwanza mlangoni pa maktaba. Mkutubi alimsaidia kutuma picha ya gazeti kwa wenye tovuti, pamoja na ombi kwamba mhandisi afutwe na mchota maji arudishwe. Baada ya siku chache jibu likaja, mkutubi akalisoma kwa sauti ya chini. Walishukuru sana. Hata hivyo gazeti huenda lilimtaja mtu mwingine mwenye jina hilo hilo, na wao walikuwa na vyanzo viwili vinavyokubaliana: kijitabu kilichochapwa, na ushahidi wa mjukuu wa marehemu. Ushahidi wa mjukuu hawawezi kuupuuza.

"Waandikie kwamba huyo mjukuu ni mwongo," fundi akasema.

Mkutubi akaandika, akatuma. Safari hii jibu halikukawia.

"Wanauliza unamfahamu vipi."

Fundi aliikunjua ile nakala yake, akaitazama ndoo.

"Waambie tumekosana."