Koti Fupi wa Ijuganyondo

Kaka yangu Ishengoma ana kichwa kigumu, na hilo nalisema hata mbele yake. Clavery alipokuja kumposa binti yake Kokuberwa, kaka hakujali shule wala suruali ya kupigwa pasi. Aliuliza neno moja tu: "Serikali inaweza kumhamisha?"

Tulimwelewa. Binti yake mkubwa, Jovita, aliolewa na bwana shamba, na baada ya Azimio la Arusha wakahamishiwa Newala. Newala! Wajukuu wakija Krismasi, ndizi za kupika wanazikodolea macho tu, na Kihaya hawakijui hata cha kuombea maji. Ishengoma akaapa kwamba huyu wa pili ataolewa mahali ambapo akikohoa, baba yake anasikia.

Na kazi ya Clavery sasa! Chuo kikuu kilimtuma aandike habari za mdudu wa mtoni. Mdudu mmoja. Mtu mzima analala kifudifudi kando ya kijito chetu hapa Ijuganyondo, wanawake hawana pa kufulia. Na mdudu mwenyewe hata punje ya mchele inamzidi. Mweusi, macho yamemtoka, kakoti kamemwishia mgongoni na tumbo lote liko nje. Ndani ya kakoti hako amekunja mabawa mazima, Mungu ndiye anajua yanaeneaje. Ukimgusa anainua mkia akutishe. Akianguka majini anatoa kitu huko mkiani, huyoo, anateleza mpaka ng'ambo. Tukamwita Koti Fupi. Kokuberwa alikwenda kufua asubuhi, akarudi jioni na nguo chafu vilevile, lakini nywele za miguu ya Koti Fupi anazijua zote. Nikasema, haya, mtoto moyo wake umeshanaswa.

"Mdudu wako anaishi wapi?" Ishengoma akamwuliza.

"Waitu," akajibu kwa heshima ya Kihaya, "ni vijito vya kuanzia Kemondo mpaka hapa, na Muleba kidogo. Kwingine nimetafuta, hayupo."

Kaka akacheka, mara ya kwanza tangu Newala. Mdudu haendi popote, basi na mwenye mdudu haendi popote! Akaagiza lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, iandaliwe Jumapili ili atoe neno lake. Lakini ni Ishengoma huyo. Pembeni akamwambia Lukmani, dereva wa lori wa mjini, kwamba kila anaposimama kijitoni kuchota maji ya rejeta, atazame. Koti Fupi akionekana kwingine, hakuna harusi.

Jumapili nyasi zilitandazwa chini, wazee wanatafuna kahawa, wifi yangu Klaudia, mama wa binti, amejifunika khanga kwa heshima ya mkwe. Lukmani akapiga hodi, mkononi ana chupa ya dawa.

"Mzee Ishengoma, nimempata. Biharamulo."

Koti lilelile, tumbo lilelile. Ishengoma akaweka kibuyu chini. Nyuma ya pazia nikamsikia Kokuberwa akianza kulia, na moyo ukaniuma, maana mtoto yule nimemlea mimi.

Clavery akatoa hadubini yake sandukuni, akatazama weee. "Kwa nje wanafanana. Ila kwa nje hatuwezi kuamua."

"Kwa wapi basi?"

Jasho likamtoka. Akamwangalia Klaudia, akainamisha kichwa. "Ni ndani, waitu. Kwa madume."

"Ndani wapi? Sema, wewe si mwanamume?"

Maskini! Mimi nikaelewa. Kumbe wadudu hawa hutofautishwa kwa uume wao, na uume hautajwi mbele ya mama mkwe, hata uwe wa mdudu. Akisema, harusi imekufa kwa kukosa adabu. Asiposema, imekufa kwa Biharamulo.

Nikasimama. "Hayo ni mambo ya shangazi! Nani hufunda maharusi katika nyumba hii, ninyi? Haya, nje!"

Wakatoka wote, kaka yangu wa kwanza. Clavery akawapasua wadudu kwa sindano, yule wa chupani na mmoja wa kwetu, kisha akageukia ukutani nami nikaweka jicho kwenye hadubini. Mawe, mama yangu! Nimefunda mabinti wangapi, na bado sijaona mambo kama yale. Cha wa kwetu kimepinda kama mundu. Cha wa Biharamulo kimenyooka, na ncha imegawanyika.

Nikatoka uani. "Si huyu. Koti moja, mambo mbalimbali."

"Mbalimbali vipi?" kaka akauliza.

"Ishengoma, unataka dada yako akuchoree?"

Wazee wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kaka akanyanyua kibuyu, akanywa, akampa Clavery. "Binti yangu ni wako." Vigelegele!

Clavery hakunywa. Aling'ang'ania ile chupa, macho yanamng'aa. "Shangazi, kama si huyu, basi huyu wa Biharamulo hajaandikwa na mtu yeyote duniani! Lazima nikatafute anakoishi, kijito kwa kijito."

Kaka alikuwa ameshainywa lubisi na neno lake limetoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Kaka akanitazama kana kwamba ule uume niliuumba mimi. Nikataka kucheka, nikaona machozi yake, na ya kwangu yakanitoka.

"Huko Biharamulo," akauliza kwa sauti ndogo, "vijito ni vingi?"

"Vingi mno, tata!" Kokuberwa akamjibu baba yake kutoka dirishani. "Na Lukmani anasema kwenye lori nafasi ya wawili ipo."