Mkumbushaji wa Bi Magda

Godoro lilitoka kwanza. Likafuata jiko la makaa lenye majivu ya asubuhi, kisha sanduku la nguo, kisha sufuria mbili zikibiringika hadi mtaroni. Kahonzi alisimama nje ya geti, leso kaifunga kiunoni, akitazama miaka kumi na mitano ikirundikwa mchangani.

"Bi Magda alisema chumba ni changu," alimwambia Odera, wakala wa mpwa aliyeirithi nyumba ya marehemu Bi Magda. "Alisema mbele ya kamera."

"Una karatasi, mama?"

"Nina maneno yake. Yamo kwenye filamu."

Odera alicheka, akabana kufuli. "Hiyo filamu inaonyeshwa leo saa tisa pale hotelini, na mimi nimealikwa. Haya maneno yako yakitoka, nitakupa ufunguo mbele ya wazungu wote. Yasipotoka, nisikuone hapa tena."

"Yatatoka."

Bi Magda alikuwa mwigizaji. Huko kwao Slovakia alipanda jukwaani miaka arobaini: malkia, wajane, wachawi, mama wa kila aina ya mwana mbaya. Picha zake zilibandikwa kwenye kuta za mji mzima. Alikuja Malindi baada ya kufiwa na mumewe, akanunua nyumba, akamwajiri Kahonzi apike na kufua. Kisha kiharusi kikampiga, maneno yakaanza kumponyoka. Ndipo alipomfundisha Kahonzi kazi ya pili. Alimsomea maneno ya tamthilia za kwao, kwa lugha ya kwao, sentensi baada ya sentensi, naye Kahonzi akayashika kwa sikio, akiyarudia huku akikuna nazi. Bi Magda alipokwama, Kahonzi alimnong'oneza, na uzee wote ukamtoka yule mama usoni.

"Kwetu mkumbushaji kama wewe hukaa ndani ya shimo chini ya jukwaa," Bi Magda alimwambia siku moja. "Bila yeye mimi ni bubu. Lakini tukienda kuinama mbele ya watu, yeye hayupo. Jina lake halibandikwi popote."

"Sasa mbona hamkumtoa shimoni?"

"Hatukufikiri," alisema.

Mwaka jana walikuja watu wa filamu kutoka kwao. Walitaka acheze kwa mara ya mwisho, sebuleni mwake, yule mama mzee ambaye wanawe wanamfukuza nyumbani. Mwongozaji, mwanamke mwenye miwani mikubwa, alimwambia Kahonzi ajifiche nyuma ya pazia. "Kivuli chako kinaharibu ukuta," alisema. Kahonzi alinong'ona kutwa nzima. Mwishoni Bi Magda alilivuta pazia, akamshika mkono, akaikabili kamera na kusema kwa Kiswahili: "Huyu ndiye mdomo wangu. Chumba cha uani ni chake mpaka afe." Mwongozaji alilia mpaka akavua miwani. Miezi mitatu baadaye Bi Magda alizikwa.

Langoni mwa hoteli, mlinzi aliyeitwa Thuku alimpima kwa macho kuanzia ndara.

"Wewe ni mgeni wa nani?"

"Wa Bi Magda."

"Si ndiye aliyekufa?"

"Ndiye."

Thuku alitazama nyuma. "Pita kwa jikoni. Kuna dirisha la nondo linaloona ukumbini. Usikohoe."

Kupitia nondo Kahonzi aliona vichwa, na mbele yao Bi Magda, mkubwa kama ukuta. Sebule ileile. Bi Magda alianza vizuri, akakwama, akageuza shingo kuelekea pazia. Kahonzi alingoja kujisikia akinong'ona. Hakukuwa na sauti. Walikuwa wameifuta. Palibaki kimya kirefu, kisha Bi Magda akaendelea, na ukumbini mtu akaguna kwa uchungu, akidhani kimya kile ni usanii.

Kimya kilirudi mara ya pili. Mara ya tatu. Hatimaye mkono wa Bi Magda ulinyooka, ukaligusa pazia. Kahonzi alishika nondo.

Picha ikaruka. Ikaja bahari.

Odera aliinuka kitini, akatoka kwa mlango wa pembeni, akampita dirishani. "Umejionea mwenyewe, mama," alisema, ufunguo ukigongana na sarafu mfukoni. Hakusimama.

Ndani majina yalianza kupanda: mwongozaji, wapiga picha, dereva, hata aliyewapikia chakula. Nyuma ya majina ulirudi uso wa Bi Magda, shingo imegeuka, macho yakingoja neno. Kahonzi alilijua neno lile. Alikuwa amefundishwa hata maana yake: mimi naishi hapa.

Aliingiza mdomo kati ya nondo.

"*Ja tu bývam*," alinong'ona.

Kwenye ukuta, Bi Magda aliitikia kwa kichwa, kama zamani. "*Ja tu bývam*," akasema.

Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi.

"Mama, nimekwambiaje?" Thuku alikuwa tayari ameikamata leso yake, akimvuta nyuma. "Unasumbua wageni. Nyumbani kwako ni wapi?"