Kisanduku cha Picha cha Sakina

Nashilu, mwalimu wa Oldonyo Sambu, aliacha kisanduku cha kompyuta chenye picha zote za ukoo nyumbani kwa mama yake, mtaa wa Sakina mjini. Alikiunganisha na intaneti ili azifungue kwa simu akiwa kazini kwake, upande wa pili wa mlima. Asubuhi zilifunguka vizuri, mchana zikagoma. Akabadilisha nywila, akarudia mipangilio yote, wapi! Siku ya tatu akampigia mama.

“Shikamoo mama. Kile kisanduku kinawaka?”

“Marahaba. Nimekichomoa, pamoja na TV na friji. Radi yote hii, mwanangu, huisikii?”

Nashilu akachungulia nje. Jua kali, vumbi tupu.

Ijumaa picha zilipogoma tena, hakugusa mipangilio. Alipiga simu tu.

“Mama, umeshaanua nguo?”

“Heh! Umejuaje?”