Mkate Alioula Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikula mkate wangu karibu mwaka mzima na hakuwahi kuniona sura. Sisemi alikuwa kipofu. Macho alikuwa nayo, tena makali. Ni mila yao. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Akikohoa barazani, wewe unatokea mlango wa nyuma na kanga kichwani. Hata jina lake hulitaji, na mimi silitaji mpaka leo, maana mdomo umeshazoea. Mimi ni Mhehe wa Ipogolo, pale Iringa. Kwetu mkwe unapiga goti, unamsalimu, mambo yanaisha. Lakini niliolewa Iyunga, Mbeya, na ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho. Nikalifumba.

Mume wangu Asukile alikuwa dereva wa lori. Lori likamuua kwenye kona za Kitonga, akaniacha na mtoto mmoja, Marta, hata shule hajaanza. Matanga hayajapoa vizuri, shemeji yangu Saulo akaanza kusema maneno. Mara nyumba ni ya ukoo. Mara mwanamke wa kuja ana kwao. Mimi nyumba wangeichukua tu, nyumba ni matofali. Nilichoogopa ni Marta. Kwao ng'ombe wa mahari wakishatoka, mtoto ni wao, na mama akirudishwa kwao anarudi peke yake. Na wa kuamua nibaki au nirudi alikuwa mmoja tu, baba mkwe, ambaye alishushwa kutoka Rungwe akiwa mgonjwa wa tumbo, akawekwa chumba cha mbele, humo humo nyumbani kwangu.

Basi nikajisemea, Tekla, mlishe huyu mzee. Mzee akishiba atakumbuka nani alimshibisha.

Ulikuwa ule mwaka wa njaa. Mvua ilikataa, tukawa tunapanga foleni kupata unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo. Watu walisema ni chakula cha mifugo, ila walikula. Mzee akila ule unga tumbo linamkata siku nzima. Ndizi zilikuwa za kutafuta. Alichokitaka ni mkate laini wa kuchovya kwenye chai, maana meno yalikuwa yameisha, na unga wa ngano ulishakuwa hadithi. Madukani ukiuliza wanakutazama kama umeulizia dhahabu.

Nikamkumbuka Mama Zarina, Mhindi aliyekuwa jirani yetu Ipogolo. Yule mama alikuwa anasaga dengu mbichi, anapika mikate na mandazi bila punje ya ngano, na mimi utotoni nilikuwa namsaidia kusugua maganda. Dengu zilikuwepo. Kashindye, Msukuma mmoja wa Usangu, alikuwa anazileta gulioni na Wanyakyusa wanampita tu, hawajui za nini. Nikawa mteja wake.

Kazi yenyewe si ya mtu mvivu. Unaloweka dengu zilale kwenye maji. Asubuhi unazisugua maganda yatoke yote, unazisaga kwenye jiwe na maji kidogo kidogo mpaka ziwe uji mzito usio na chembe. Hapo wengi wangepika, na wangepata jiwe. Inabidi uupige ule uji kwa mkono mpaka bega liume, uchukue tone ulidondoshe kwenye kikombe cha maji. Likizama, endelea kupiga. Likielea, uache karibu na jiko uumuke. Kisha chumvi, sukari kama ipo, sufuria iliyopakwa mafuta, makaa chini na makaa juu ya mfuniko.

Mkate ukatoka laini, wa manjano, unanukia. Marta akala, akaomba tena. Kipande cha mzee nikakiweka kwenye sahani, nikampa wifi yangu Ikupa apeleke, maana mimi mlango ule haunihusu.

Ikupa alikuwa ameachwa na mumewe huko Chunya, akarudi mikono mitupu. Nilimpokea mimi. Godoro ni langu, kanga ni zangu. Nilikaa jikoni nikasikiliza ukutani.

"Tata, kula," Ikupa alimwambia baba yake.

Mzee akashukuru kwa lugha yao, "Ndaga, mwanangu. Mikono yako ibarikiwe."

Nikangoja Ikupa aseme neno. Hakusema. Aliporudi na sahani tupu nikamwuliza kwa nini hakumwambia, akacheka, akasema, "Wifi nawe, mzee anajua tu. Nani mwingine apike humu?" Nikakubali. Siku ya kwanza alinyamaza tu. Lakini baraka ni tamu, na ukishapokea ya kwanza ya pili huwezi kuirudisha. Baadaye nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Leo nimekukaushia juu kidogo, tata, kama unavyopenda."

Nilitaka kumrukia. Nilimkalisha chini nikamwambia, aseme ukweli au nitamwambia Saulo. Akalia, akaapa atasema. Kumbe Saulo mwenyewe alikuwa anajua, na kunyamaza kulimfaa. Alikuwa anapita jikoni ananikuta nasaga, anasema shikamoo ya kejeli, anaondoka.

Mzee akapata nguvu, akaita ukoo. Walikaa uani, kwenye mikeka. Mimi nilikuwa jikoni mlango umerudishwa, napika mkate mkubwa kuliko yote, maana wageni watakula nini? Saulo akasema yake. Kisha nikasikia kikohozi kile nilichokuwa nakikimbia, na mzee akaanza.

"Mwanangu Asukile alioa mbali. Mimi nimeumwa humu ndani. Mila inamkataza mke wake kuniona, haimkatazi kunipikia. Hata uji hajanipelekea. Aliyeniponya ni mtoto wangu huyu, Ikupa. Anayenilisha ndiye wa nyumba hii. Yule arudi kwao. Mtoto atabaki kwa shangazi yake."

Ikupa akaingia jikoni kuchukua mkate. Nikamshika mkono. "Sema sasa, wifi. Ni Marta huyo."

"Nitasema," akaniambia, na machozi yanamtoka.

Akaubeba mkate akatoka. Nikasikia sahani zinawekwa, nikasikia watu wazima wanatafuna na kusifia. Nilingoja. Ningepaza sauti, wangesema mmeona, hana adabu, anamkoromea mkwe. Ningetoka wakaniona mbele ya mkwe, ingekuwa ni laana na faini, na mzee angejifunika blanketi asisikie lolote. Nilikaa na mikono yangu ina uji wa dengu mpaka kwenye viwiko, nikamngoja mwanamke niliyempa godoro langu afungue mdomo. Alifungua kuwauliza kama chai imetosha.

Nilirudi Ipogolo peke yangu. Marta walimshika mkono akilia barabarani, na basi likaondoka. Nilimchukia Ikupa kwa chuki ambayo hata padri nilimficha.

Kabla mvua hazijarudi, akaja. Nilikuwa nafagia nikamwona anashuka barabara kuu na kifurushi, amepungua. Akapiga magoti, kwa adabu ya kwetu Wahehe, hiyo alikuwa anaikumbuka.

"Wifi, tata hali chakula. Nimejaribu, mkate unakuwa jiwe. Juzi ameutupa, ameniuliza siku hizi nina nini."

Nilicheka. Nasema ukweli, nilicheka mpaka nikakaa chini. "Mwambie nani alikuwa anapika. Atakula."

"Nikimwambia atanilaani. Mume sina. Nikilaaniwa na tata, mimi nitakwenda wapi?"

"Uende nilikokwenda mimi."

Nikainuka nichukue ufagio, nimalize kazi yangu, aondoke na basi la kurudi. Ndipo nikauliza, sijui kwa nini sikuanza na hilo, "Na Marta anakula nini?"

Aliangalia chini. "Anakula yanga. Inamharisha. Amekonda, wifi. Na yeye anaulizia ule mkate."

Niliweka ufagio ukutani. Niliingia ndani nikatoa dengu, nikaziloweka, nikamwambia atalala hapa. Asubuhi nikamfundisha. Nilifikiria kumficha lile tone la kwenye maji, Mungu ananijua, nililifikiria sana. Nikamwonyesha. Nikamshika mkono wake kwenye sufuria nikampigisha mpaka akaugulia bega, nikamwambia bado, tone linazama, mwanangu hatakula jiwe. Lilipoelea, akanikumbatia. Sikumkumbatia.

Tulikubaliana atamleta Marta anione. Alichelewa, lakini alimleta. Mtoto alikuwa amenenepa, ametokwa meno ya mbele, na kwanza alijificha nyuma ya shangazi yake. Nilikuwa nimepika tangu alfajiri. Nikamkatia kipande cha katikati, kile alichokipenda.

Akatafuna taratibu, akanitazama kwa adabu kama mtu aliyekaribishwa kwa watu.

"Kama wa shangazi," akasema. "Ila wa shangazi ni laini zaidi."

Nikamwambia ale, na nikamkatia kingine.